Orodha ya Masika

Komite ya arusi imenipa daftari na kalamu ya bluu:
"Andika, Masika, unachohitaji nyumbani,
watu wasije wote na termosi."
Dada yangu Kanyere aliolewa na termosi tisa.
Sita zimelala chini ya kitanda mpaka leo,
zinasubiri wageni ambao hawaji.

Tumekaa juu ya rundo la mbao, mimi na Paluku,
kiwanjani kwetu Ndosho: mita kumi kwa kumi na tano
za makoro meusi, makali kama meno,
ardhi iliyoganda ikiwa bado inakwenda.
Hapa mtu hachimbi msingi, anaubembeleza.
Hapa jembe hucheka, kisha huvunjika.

Nikaandika: mtaimbo. Mmoja. Mrefu kunizidi.
Anza na nyundo, akasema Paluku.
Nyundo ipi, ya misumari au ya mawe?
Tukabishana mpaka kivuli cha ukuta wa jirani
kikatufikia magotini.
Basi zote mbili.
Ya misumari iwe na kucha,
ya kung'olea nilichopigilia vibaya,
maana nitapigilia vibaya.
Ya mawe, kilo tano, na mpini wa akiba.

Msumeno, lakini si ule wa bei ya chini wa Birere
unaokata mbao mbili, ya tatu ukaiimbia.
Pimamaji, lenye kile kiputo cha hewa
kinachotafuta katikati
kama mtoto anayetafuta titi gizani.
Randa, nikasema.
Randa tutaazima.
Nikamwambia: ndoa inayoanza kwa kuazima randa
itafika kuazima chumvi.
Akacheka, akachukua kalamu,
akaiandika randa mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku.
Bisibisi tulilifuta.
Mlango wetu utakuwa na bawaba za mpira wa tairi.

Shangazi Kavugho akaisoma orodha, miwani imeshuka puani.
"Bibi arusi anaomba mtaimbo?
Watasema unakwenda kuvunja duka."
Akalikunja daftari, akalikalia.

Sikumjibu.
Nilikuwa na miaka sita mlima ulipofunguka.
Baba alikuwa na nyundo yenye kucha, basi.
Aling'oa ubao mmoja mmoja akiutaja:
huu wa mlango, huu wa chumba cha bibi yenu, shika, shika.
Tukaondoka na nyumba juu ya chukudu,
nyumba imelala chali,
misumari yake ndani ya sufuria, ikilia kila tulipogonga jiwe.
Jirani alikuwa na kuta za matofali
na kabati la sahani zenye maua.
Sahani zile ziko palepale,
mita mbili chini ya barabara.

Siku ya arusi zawadi ziliingia zikicheza.
Termosi saba.
Blanketi lenye chui.
Saa ya ukutani yenye kasuku.
Binamu mmoja, Mungu ambariki, akaleta msumeno,
ameufunga kwa gazeti, meno yametoboa nje.
Na mwisho kabisa wa mstari, Shangazi Kavugho,
anacheza polepole kuliko muziki kwa sababu ya uzito,
kitu kirefu begani, karatasi ya kung'aa,
utepe mwekundu katikati,
kana kwamba utepe unaweza kuficha chuma.

Nikaupokea. Glavu zangu nyeupe zikashika kutu.
Haukuwa mpya. Ncha yake ilikuwa imelika,
imechongwa na mawe ya watu wengine.
Akanisogelea sikioni, pafyumu na jasho:
"Kaka yangu alibeba mbao. Mimi nilibeba huu.
Usiuazimishe."

Leo asubuhi tumeng'oa jiwe la kwanza.
Lilikuwa na ukubwa wa mbuzi
na chini yake kulikuwa na jiwe lingine.
Nyundo ya kilo tano bado hatuna, wala randa.
Ila termosi moja tumeifungua, niseme ukweli:
chai ilikaa moto mpaka saa nane.